Kuwafuata ndege wa mitoni Kanda ya Ziwa kwa gari: gari liishie wapi, miguu ianzie wapi?

Mnandi (mleta uzi)

Habari zenu nyote. Kila mwaka ifikapo mwezi wa sita, mvua zikikatika na barabara za vumbi zikawa za vumbi kweli, huulizwa swali lilelile na watu waliohamia Mwanza kikazi: ni gari gani litakalomfikisha mtu kwenye mito yetu, kule ambako ndege ni wengi na watu ni wachache? Wengine huwa wameshaanza kuweka akiba ya kununua Prado kwa ajili hiyo. Nimeona niandike mara moja kwa urefu, kwa sababu nadhani swali lenyewe linaanza na jambo ambalo lingepaswa kuja mwisho.

Kwa miaka kumi na mmoja nimezunguka mto Magogo upande wa Misungwi, mto Simiyu karibu na Magu, Mbalageti na Grumeti upande wa Busega na Bunda, na mara chache mto Mara penye Daraja la Kirumi. Nimefika huko kwa Probox, kwa Noah ya kukodi, kwa bodaboda, na mara mbili nikiwa nimekaa mbele kwenye lori la mchanga. Sikumbuki siku hata moja ambayo gari lenyewe ndilo lililonikwamisha. Nilikwamishwa na udongo, na kila mara niliuingia udongo huo kwa hiari yangu, kwa kuwa mto ulikuwa umebaki mita mia saba nami nilikuwa mvivu wa kutembea.

Wasukuma waliipa ardhi hii majina kwa kuitazama jinsi inavyoshuka kutoka mlimani kwenda mtoni, na anayeyajua majina hayo ana ramani nzuri kuliko ile ya kwenye simu. Juu kabisa ni mawe, haya haya tunayoyaona Mwanza mjini. Chini ya mawe kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepesi, unaokunywa maji haraka; hapo ndipo utakapoziona nyumba nyingi, na gari lolote lenye matairi mazima hupita hata siku ya pili baada ya mvua. Ukiendelea kushuka unaingia itogolo, ardhi ya kijivu iliyoshikamana kama sakafu, ambayo kiangazi ni barabara safi, lakini masika huwa telezi, kwa kuwa maji hayazami, yanasimama juu. Chini kabisa, kwenye tambarare unakopita mto, ndiko kwenye mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hadi nyufa zake zikameza kiganja cha mtu mzima. Kwa hiyo yeyote anayeshuka kwenda mtoni atazikanyaga ngazi hizo zote, akitaka asitake.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: gari liishie kwenye luseni. Kiangazi kikiwa kimekolea, liishie kwenye itogolo. Mbuga ni ya miguu, mwaka mzima.

Najua wapo watakaosema kwamba mbuga ikikauka ni ngumu kama lami. Ni kweli, tena nimeipita mara nyingi. Tatizo ni kwamba ukavu wake ni wa ngozi tu. Mvua ndogo ya usiku mmoja hufuatwa na jua la siku mbili, juu panakuwa na ganda la kijivu lenye nyufa ndogo ndogo za kuvutia, na chini yake, kina cha kidole kirefu, kuna ugali.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, niliuthibitisha ugali huo kwa gari la shemeji yangu. Nilikuwa nimeiacha barabara kuu ya Musoma karibu na Magu, nikashika njia ya ng'ombe kuelekea Simiyu, nikaipita luseni vizuri, itogolo vizuri, kisha nikaona majani mafupi ya kijani na migunga midogo ile yenye vinundu ambamo sisimizi hukaa. Nilipaswa kusimama hapo, maana migunga hiyo hupenda udongo mweusi. Nilipoingiza gia ya pili nilisikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, kama usukani wa gari lililoinuliwa kwa jeki. Niliposhuka, tairi la mbele halikuwa na kashata, yale meno ya tairi, hata moja inayoonekana. Lilikuwa duara jeusi laini, udongo umejaa hadi kwenye matao ya juu, na kila nilipokanyaga mafuta lilizunguka ndani ya koti lake lenyewe bila kugusa ardhi. Viatu vyangu navyo viliongezeka unene kwa kila hatua. Jeki ilizama. Nikaweka ubao chini ya jeki, ubao nao ukazama, nikabaki nimeshika mpini wa jeki huku yangeyange watatu wakinitazama kwa utulivu mkubwa.

Nilitolewa saa 9 alasiri na jozi mbili za maksai na mnyororo wa plau. Siku hiyo niliona ndege aina sita, wote nikiwa nimesimama palepale.

Baada ya hapo nilibadilisha utaratibu. Usiku wa kuamkia safari hufungua picha ya setilaiti kwenye simu na kutafuta mpaka wa rangi: luseni huonekana hudhurungi au nyeupe, mbuga huonekana ya kijivu cheusi, na mistari myembamba ya viwanja vya pembe nne ni majaruba ya mpunga. Naweka alama mahali rangi inapogeuka, napima kutoka hapo hadi mtoni, na kama ni chini ya kilomita 2 basi najua ni dakika arobaini za kutembea taratibu nikiwa natazama. Jua letu huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro asubuhi, kwa hiyo kwa Simiyu natoka Igoma, pembezoni mwa Mwanza, saa 10 na nusu alfajiri, nafika Magu, kama kilomita 60 kutoka katikati ya jiji, bado giza, naegesha kukiwa kunapambazuka, na ninaingia mbugani wakati furukombe wa kwanza, yule tai mla samaki, anapoanza kuita.

Karibuni kwa michango, hasa ya wale wenye magari madogo.

Dereva wa Nyanguge

Nashukuru, mleta uzi. Mimi nina Probox yenye matairi ya kawaida na ndiyo inayonilipia ada za watoto, kwa hiyo siwezi kuichezea. Nimesoma kwamba umewahi kutumia gari kama langu. Naomba uniambie, ukiacha udongo, ni kitu gani kingine kinachoweza kuliumiza gari la chini katika njia hizi, na je, yale malori ya mchanga yanayokwenda mtoni ninaweza kuzifuata njia zake?

Mnandi (mleta uzi)

Swali zuri, na la malori ndilo lenye mtego. Lori la mchanga lina faida moja kubwa: linapopita kila siku linashindilia njia, na dereva wake hana muda wa kukwama, kwa hiyo njia yake ndiyo njia ngumu kuliko zote za eneo hilo. Mimi nikifika mahali nisipopajua, huuliza kwanza malori ya mchanga hupita wapi. Lakini matairi ya lori huchimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati, na mgongo huo hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoukaribia mto, kiasi kwamba mtu wa Probox haoni hatari mpaka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iguse jiwe. Weka tairi moja juu ya mgongo na jingine pembeni, nje ya mfereji, uende kwa gia ya kwanza. Ukisikia majani yanakwaruza chini mfululizo kwa zaidi ya mita hamsini, simama utazame.

Na majani yenyewe ni jambo jingine. Mwezi wa saba na wa nane nyasi zimekauka na kufika kiunoni. Zikikusanyika kwenye eksozi yenye moto zinaweza kuwaka, na wewe utaona moshi ukidhani ni vumbi. Mbegu zake huziba rejeta. Beba brashi ya viatu, fungua boneti kila unaposimama, pangusa mbele ya rejeta, kisha lala chini utazame eksozi. Ni usumbufu, lakini kazi hiyo huchukua dakika tatu.

Jambo la mwisho ni lile ambalo kila mtu hulifanya mara moja: kuegesha ndani ya mto uliokauka. Simiyu kiangazi hubaki mchanga mpana wenye vidimbwi, mahali pazuri mno, na ndege huja kunywa hatua chache kutoka dirishani. Kumbuka kwamba mto huo, pamoja na Duma unaoungana nao, hukusanya maji kutoka mbali, hadi kwenye tambarare za Serengeti. Mvua inaweza kunyesha huko usiku, wewe uko chini na mbingu ni safi kama sahani, na maji yakaja bila kubisha hodi. Gari likae ukingoni juu.

Hadtopu

Nimeusoma uzi kwa heshima, ila naona mleta uzi amelifanya kosa lake la mwaka juzi kuwa sheria kwa watu wote. Nina Land Cruiser hadtopu ya miaka mingi, nimepita nayo mbuga za Meatu na Bunda, na sijawahi kuvutwa na maksai. Punguza upepo wa matairi, weka magurudumu yote manne, usisimame katikati, usikate kona ghafla, utapita. Kutembea kilomita 2 na kamera nzito na tripodi, jua likiwa limeshapanda wakati wa kurudi, ni adhabu kwa mtu wa umri wangu. Vilevile gari lenyewe ni maficho mazuri: ndege humwogopa mtu anayetembea, lakini gari lililozimwa injini hulizoea baada ya muda mfupi.

Mnandi (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu maficho nakubaliana nawe kabisa, na lilikuwa kosa langu kutolitaja. Mimi mwenyewe huweka kifuko cha maharage kwenye dirisha na kulalia lenzi juu yake. Nazima injini kabisa, kwa kuwa mtetemo wake huharibu picha na huwafukuza ndege wadogo. Mdiria wa madoa meusi na meupe, yule anayeelea hewani kabla ya kujitosa, nimempata kwa mita nane kwa njia hiyo, nikiwa nimeegesha kwenye tuta la barabara karibu na daraja. Kwa mtu asiyeweza kutembea, madaraja na matuta ya barabara kuu hutosha kwa asubuhi nzima, mradi gari likae mbali na njia ya mabasi.

Kuhusu upepo wa matairi, kwenye mchanga wa mto nitakuunga mkono: kutoka psi 32 shuka hadi kama 20, na uwe na pampu ya kurudishia kabla ya kurudi lami. Kwenye mfinyanzi mweusi uliolowa sijaona ukisaidia, kwa sababu shida haiko kwenye upana wa tairi, ni ile ngozi ya udongo inayolivaa tairi. Tofauti yangu na wewe iko mahali pengine. Hadtopu yako ikikwama, itakwama mbali zaidi kuliko Probox ya ndugu yetu wa Nyanguge, na itahitaji jozi sita za maksai badala ya mbili.

Hadtopu

Hilo la mwisho silipingi.

Mwana Magu

Mimi nimezaliwa kando ya mto mnaouzungumzia, na familia yangu bado inalima majaruba huko. Naomba niwaeleze jinsi tunavyowaona ninyi mnaokuja na darubini.

Gari geni linapoingia kijijini alfajiri, likasimama kichakani, na mtu akashuka na kuanza kutazama kwa darubini kuelekea maboma ya ng'ombe, jambo la kwanza tunalolifikiria si ndege. Sungusungu kwetu si hadithi ya vitabuni. Ulinzi huo ulianza miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa mifugo, na hadi leo mayowe yakipigwa watu hutoka. Kwa hiyo kabla hujaegesha, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji wa kijiji, salimia, sema umetoka wapi na utarudi saa ngapi. Neno moja la Kisukuma hufungua mlango: sema "mwangaluka" asubuhi, na ukisaidiwa sema "wabeja". Mara nyingi utapewa kijana wa kukuongoza, na kijana huyo anajua mahali ambapo tope lilimmeza trekta wiki iliyopita, jambo ambalo setilaiti haijui.

Pili, tafadhali msipite juu ya matuta ya majaruba. Kwa mgeni tuta linaonekana kama njia, tena njia iliyonyooka na iliyoinuka vizuri. Tuta hilo limejengwa kwa jembe la mkono, nalo ndilo linaloshika maji ya mpunga. Gari moja likilikata, maji huhama jaruba lote kwenda kwa jirani, na ugomvi unaoanza hapo mgeni hausikii kwa kuwa ameshaondoka na picha zake. Egesheni kwenye uwanja wa shule au kwenye kituo cha kununulia pamba. Kuanzia mwezi wa tano, msimu wa pamba unapofunguliwa, njia za kwenda kwenye vituo hivyo huchongwa kidogo ili malori yapite, na hizo ndizo njia bora za mwaka kwa gari dogo.

Tatu, mkiulizwa mnatafuta nini, msijibu "ndege" peke yake. Kwa mkulima wa mtama na mpunga, ndege ni kwelea kwelea, na mtu aliyetoka mjini kuwatazama kwelea kwelea kwa furaha anaonekana hana akili timamu au ametumwa na serikali kuja kupulizia dawa. Elezeni ni ndege gani. Mwambie mzee unamtafuta korongo mwenye taji, atakuonyesha kwa kidole mahali alipowaona jana wakitembea wawili wawili kwenye mpunga uliovunwa.

Mnandi (mleta uzi)

Mwana Magu, wabeja sana. Maksai walionitoa walikuwa wa kwenu, na sasa naelewa kwa nini waliokuja nao walikagua kwanza ndani ya gari kabla ya kufunga mnyororo.

Niongeze kuhusu huyo korongo mwenye taji, kwa faida ya wasomaji: tangu mwaka 2012 amewekwa kimataifa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka, kwa hiyo kumwona kwenye jaruba mita sitini kutoka kwenye uwanja wa shule ni bahati ambayo watu husafiri kutoka mbali kuitafuta. Majaruba yenyewe ni mahali pa ndege kuliko wengi wanavyodhani. Yule korongo mweusi mwenye mdomo wenye pengo katikati huwa humo akiokota konokono. Ukimtazama kwa makini utaona hamvunji konokono, humshika, humtikisa, kisha humtoa nyama kwa ncha ya mdomo na kuliacha gamba zima juu ya tope. Nimewahi kukuta magamba kumi na saba yamelala kwenye tuta moja.

Mama Kwarara

Asanteni kwa uzi huu. Mimi hutembea na wanangu wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili, ambao wanawapenda ndege kuliko mimi. Mnazungumza sana juu ya tope, lakini hakuna aliyegusa viboko na mamba. Je, ni salama kuwashusha watoto kwenye gari alfajiri kando ya mto?

Mwana Magu

Mama, alfajiri ndiyo saa mbaya. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kunapopambazuka, na njia yake ni ileile kila siku: utaiona kama mfereji mlaini unaoshuka ukingoni, majani yamelala pande zote mbili, na katikati pana mstari wa majani yaliyobaki kwa sababu miguu yake imeachana. Usisimame kwenye mfereji huo, wala usiegeshe gari kuuziba. Mnyama huyo akikukuta kati yake na maji hatafuti njia nyingine. Kwa watoto, subiri jua lipande, ufike saa 2 asubuhi, na mkae juu ya ukingo hatua kadhaa kutoka kwenye maji. Mamba hahitaji maji mengi kujificha. Wala wasiingie majini kuoga miguu, kwa kuwa kichocho bado kipo katika maji yetu yaliyotulia.

Mnandi (mleta uzi)

Nami naunga mkono, na nitaongeza kuhusu ukingo wenyewe. Kingo zilizosimama wima kama ukuta huwa zimeliwa chini na maji. Juu panaonekana pagumu, chini hapana kitu. Tena kuta hizo ndizo nyumba za mdiria na keremkerem, ambao huchimba matundu marefu na kutaga mayai mwishoni mwake. Gari likiegeshwa juu ya ukingo wa namna hiyo linaweza kuwafukia makinda hata kama lenyewe halitaanguka. Kiwango ninachokitumia ni mita 60, ambazo ndizo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazozitaja kuwa eneo la kulindwa kando ya mito na maziwa. Sheria ile inahusu shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ukingo, si Probox iliyosimama kwa saa mbili, lakini kipimo chake ni kizuri na ni rahisi kukikumbuka.

Mama Kwarara, kwa watoto ningeanza na Kisiwa cha Saanane. Hapo hakuna cha kukwama, ni boti ya dakika chache kutoka mjini, mnandi wanakausha mabawa juu ya mawe, na ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013. Wakishazoea kukaa kimya kwa nusu saa, wapeleke Simiyu.

Mkazi wa Sengerema

Je, upande wetu hakuna kitu? Siku hizi kuja kwetu hakuhitaji kusubiri kivuko.

Mnandi (mleta uzi)

Kipo, na ninyi mmepata neema. Zamani safari ya alfajiri kutoka Mwanza kwenda ng'ambo ilikuwa haiwezekani bila kulala, kwa kuwa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikula saa zote nzuri za ndege. Tangu daraja la kilomita 3 lilipozinduliwa mwezi Juni 2025, mtu anapita Usagara, anavuka, na jua linamkuta Sengerema. Mimi upande huo hupenda vijito vidogo vinavyoingia ghubani kupitia mafunjo kuliko mito mikubwa. Katika mafunjo ya ziwa letu kuna ndege mmoja, kwa jina la kisayansi Laniarius mufumbiri, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani na wa manjano utosini, ambaye haishi nje ya mafunjo. Utamsikia mara kumi kabla ya kumwona mara moja.

Tahadhari ya huko ni tofauti. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, na baadhi ya njia za zamani zinazoteremka kwenye midomo ya vijito zilimezwa, ila kwenye ramani za simu bado zimechorwa kama njia. Nimewahi kuambiwa na simu "endelea moja kwa moja mita mia mbili" nikiwa natazama magugu maji. Shuka, chukua fimbo, tembea mbele ya gari.

Hadtopu

Naomba mleta uzi aseme neno kuhusu Grumeti, maana wengi huchanganya ndani ya hifadhi na nje ya hifadhi.

Mnandi (mleta uzi)

Kwa kifupi, mzee: kutoka Mwanza hadi lango la Ndabaka ni kama kilomita 145, lami tupu kupitia Magu na Lamadi. Ukiingia langoni uko Hifadhi ya Serengeti, unalipa kiingilio, unafuata barabara za hifadhi, na hushuki garini ovyo. Tambarare ya Ndabaka ni udongo mweusi uleule, na masika hata magari ya wageni hukwama, kwa hiyo waulize askari wa langoni hali ya barabara ya siku hiyo. Wao huwa wameshalivuta gari la jana. Upande huo wa magharibi mwa hifadhi nimemwona zuwakulu wa Usambiro akiimba juu ya kichuguu na mwenzake, mkia ukitikisika kama pendulamu. Jina lake la kisayansi, Trachyphonus usambiro, limetokana na Usambiro ya huku huku kusini mwa ziwa, na mimi huona fahari kidogo kwamba ndege huyo amebeba jina la kwetu, hata kama wataalamu wengine hawamhesabu kuwa ni spishi ya peke yake.

Dereva wa Nyanguge

Narudi na taarifa. Jumamosi nilikwenda na Probox yangu upande wa Magu. Nilimpitia mwenyekiti wa kitongoji saa 12 asubuhi, nikasema "mwangaluka" kwa lafudhi iliyomchekesha mke wake, nikaegesha kwenye uwanja wa shule, juu ya luseni. Nilipewa kijana wa kuniongoza na mzee mmoja wa kulitazama gari. Kutoka hapo hadi mtoni ilikuwa kilomita 1 na nusu, na mita mia nne za mwisho zilikuwa mbuga yenye ganda la kijivu. Nililikanyaga kwa kisigino, kikazama hadi kwenye kifundo. Nilimkumbuka shemeji wa mleta uzi.

Niliona aina ishirini na tisa, wakiwamo furukombe wawili waliokuwa wakiitikiana ng'ambo kwa ng'ambo, fundichuma akijenga tundu lake kubwa kama tanuru, na cherero wa kijani wenye vichwa vya rangi ya chungwa waliopita kwa kelele. Gari nililikuta salama. Nilipotaka kumpa mzee ahsante yake, alikataa kwanza, akaomba darubini. Nikamfundisha kuzungusha kile kigurudumu cha katikati, nikadhani atamtazama furukombe aliyekuwa bado yuko juu ya mti. Aliigeuzia mbugani, akanyamaza kwa muda mrefu huku midomo ikicheza, kisha akanirudishia. "Wamepungua wawili," akasema, akachukua fimbo yake akaondoka.

Mnandi (mleta uzi)

Na walipatikana?

Mwana Magu

Walipatikana kwenye jaruba la jirani, wamekula miche na kubomoa tuta. Shauri liko kwa mwenyekiti keshokutwa, na mzee ameniomba niwaulize kama darubini ile inaweza kurudi siku hiyo.

Dereva wa Nyanguge

Mwambie nitakuja nayo saa 12 asubuhi, nitaegesha palepale shuleni.